Mgongo Juu

Tela limeegemea kulia tangu Machi
kama mtu aliyelalia mkono.
Tairi la upande huo limelika kwa ndani,
pale usipopaona
mpaka upige magoti kwenye kokoto.

Basi nimepiga magoti.
Oktoba, Keweenaw, ziwa linanguruma nyuma ya misonobari,
na zimebaki wiki tatu, nne nikibahatika,
kabla theluji haijaingia na kukataa kutoka.

Kaka yangu Arvid, aliyehamia Florida
akasahau hata uzito wa sepetu,
alisema kwenye simu: liuze kwa kilo.
Nikamwambia kuna pikipiki mbili za theluji za kubebwa
na wewe huna hata moja ya kupanda.
Akacheka. Mimi sikucheka.

Si kwamba nalipenda.
Aliyelipenda ni baba.
Aliliunga kwa vyuma vya nyumba ya magurudumu
iliyoungua kule Calumet,
akalipaka rangi ya kijani
iliyobaki kwenye mashua ya mtu.
Rangi haikuzuia kitu.
Huku humwaga chumvi barabarani, gunia kwa gunia,
na chumvi haichagui:
inakula barafu, inakula daraja, inakula ekseli,
polepole, bila kelele, bila kushiba.

Rudy Kauppila, kijana wa jirani, ameshika tochi.
Naitia nati mafuta, nangoja. Natia tena, nangoja.
Spana inateleza, ngozi ya kidole inabaki kwenye chuma.
Nati ya tatu haisikii mafuta wala matusi;
tunaikata kwa msumeno wa umeme,
cheche zinaruka hadi kwenye majani makavu
na Rudy anazikanyaga mojamoja kama anayecheza ngoma.

Beringi imetoka vipandevipande.
Grisi yake nyeusi, ngumu,
ina harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Na ncha ya ekseli, pale ilipokaa beringi,
imekonda, imefanya kiuno.
Naipitishia kucha: mfereji.
Safari zote za Copper Harbor, kwenda na kurudi,
duara juu ya duara.

Halafu, katikati, upande wa chini,
nakuta kiraka.
Bamba la chuma lililochomelewa vibaya,
kwa mkono uliokuwa ukitetemeka.
Baba hakuwahi kuchomelea vibaya.
Nahesabu miaka. Ni majira yale
alipoanza kuniuliza jina langu mara mbili kwa siku.
Kumbe alijua chuma kimechoka.
Alijua, akalala chini ya tela peke yake,
hakumwambia mtu.

Rudy anauliza nimeona nini.
Kutu, namwambia.

Ekseli mpya imekuja kwa lori kutoka Green Bay.
Ya kwanza niliirudisha: nilipima springi hadi springi
kwa nje badala ya katikati,
na inchi mbili ni inchi mbili, hazisamehewi.
Hii inakaa. Ila Rudy anafumba jicho moja,
anaichungulia toka mwisho hadi mwisho:
"Bi Lempi, wametuuzia iliyopinda."

Haijapinda, mwanangu. Imepindwa.
Ina kibiongo kidogo, na kibiongo hukaa juu.
Mzigo ukipanda ndipo inanyooka.
Ukiifunga juu chini, itabonyea,
na matairi yataanza kujila upya.

Hilo sikufundishwa na baba.
Limeandikwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi,
kwa herufi ndogo, chini ya simu ya kiwanda.

Tumepakaza grisi kwa viganja, kama siagi.
Tumekaza, tumerudia kukaza.
Jeki imeshuka, tela limesimama sawa,
tupu, mgongo juu, linangoja uzito.

Ile ya zamani nimeiegemeza nyuma ya banda.
Kwa mizani ya kupimia paa, ni kilo ishirini na mbili.
Arvid akipiga simu
nitamtajia bei.